Walichokiacha wezi: makaburi ya Qustul na Ballana

Ndugu zangu, watu husema kaburi likishaibwa, mwanaakiolojia hana tena la kutafuta. Mimi sikubaliani, na ushahidi wangu uko Nubia, kusini kabisa mwa Misri.

Mwaka 1931 bwawa la Aswan lilikuwa likiongezwa kimo, na maji yangefunika sehemu kubwa ya bonde. Wanaakiolojia Walter Emery na mwenzake Laurence Kirwan walikuwa wakikagua ardhi kabla haijazama. Ballana, ng'ambo ya magharibi ya Nile, na Qustul, upande wa mashariki, palikuwa na matuta makubwa ambayo wengi waliyadhania vilima vya kawaida. Kumbe ni makaburi ya wafalme wa Nobadia, waliotawala kusini ya mpaka wa Dola la Kirumi katika zama zake za mwisho. Uchimbaji uliendelea hadi 1934.

Qustul wezi walikuwa wametangulia, tena zamani sana. Walitoboa matuta hadi kwenye vyumba vya maziko, wakasomba. Lakini mteremko wa kuingilia kaburini hawakuugusa. Humo walilala farasi waliouawa siku ya mazishi, wakiwa bado na matandiko, hatamu zenye mapambo ya fedha, na kengele shingoni. Kando yao, watunzaji wao. Nawasihi tusipite hapa haraka: hawa walikuwa watu, nao waliuawa ili wamfuate bwana wao. Fahari yote ya fedha ile haifuti jambo hilo.

Ndani pia kulisalia ubao wa mchezo uliotiwa njumu za pembe za ndovu, pamoja na kete zake, 15 za pembe na 15 za mpingo.

Ballana mambo yalikuwa mengine. Dari za vyumba vingi ziliporomoka, vifusi vikafunika kila kitu, na mwizi akashindwa kupenya. Yaani kubomoka kwenyewe ndiko kulikohifadhi. Chini ya vifusi yakatoka mataji ya fedha yenye vito na sura ya Horus, mungu wa kale wa Misri, wakati Roma yenyewe ilikwisha kuwa ya Kikristo. Karibu nayo, taa za shaba za mtindo wa Kirumi. Ukiona taji peke yake utasema mwenyewe alishika ya mababu tu. Ukiona taa peke yake utamwita mfuasi wa Roma. Tunajua alikuwa na vyote viwili kwa sababu vilikutwa pamoja. Taji likiuzwa sokoni kwa magendo, habari hiyo imekufa, hata kama fedha yake haijapata mkwaruzo.

Miaka ya 1960, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Chicago walirudi Qustul wakachimba nje ya matuta, mahali ambapo mwizi asingepoteza muda wake. Walikuta mashimo ya wanyama wa kafara na safu za vijumba vya ibada. Muda mfupi baadaye Ziwa Nasser, ziwa la bwawa jipya kubwa zaidi la Aswan, likafunika pote.