Tumbusi na sindano ya ng'ombe mzee

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Da Rehema, leo nasikia umekuja na mizoga.

REHEMA: Mizoga ya ng'ombe, pamoja na wenyewe wanaoila. Tumbusi wa India. Miaka ya 1980 walikuwa mamilioni. Kufikia 2007, aina moja, yule mwenye mgongo mweupe, alikuwa amepungua kwa zaidi ya asilimia 99 katika miaka 15 tu.

BARAKA: Hiyo si kupungua, dada. Ni kufutika.

REHEMA: Na hakuna aliyewawinda. Watu waliwaona wamekaa mitini, shingo zimelegea, halafu wanadondoka. Wengi wakashuku ugonjwa wa kuambukiza, wakawa wanatafuta virusi.

BARAKA: Kumbe?

REHEMA: Huko Pakistan, jimbo la Punjab, timu ya daktari wa mifugo Mmarekani, Lindsay Oaks, ikawapasua waliokufa. Viungo vya ndani vimepakwa kitu cheupe kama chokaa. Ni ugonjwa wa jongo, ule unaowashika wazee kwenye kidole gumba cha mguu, ila hapa umetapakaa tumboni. Figo zimekufa, asidi ya yuriki haina pa kutokea. Basi wakawaendea madaktari wa mifugo na wenye maduka ya dawa: ni dawa gani wanyama wanapewa huku, ambayo inaweza kuua figo? Ikapatikana diklofenaki.

BARAKA: Subiri kwanza. Diklofenaki hii ninayomeza mgongo ukinikaba?

REHEMA: Hiyo hiyo. Matokeo yalitoka 2004. Tumbusi 25 waliokufa kwa jongo walipimwa, wote 25 wakakutwa nayo mwilini. Wengine 13 waliokufa bila jongo, hakuna hata mmoja. Mimi takwimu hunichosha, lakini hizo nilizisoma mara mbili.

BARAKA: Sasa inafikaje kwenye mzoga? Ng'ombe akitibiwa si anapona?

REHEMA: Si kila mmoja. Majimbo mengi ya India ng'ombe hachinjwi. Akizeeka, akianza kuchechemea, mwenyewe anamwonea huruma, anamdunga sindano ya maumivu. Dawa yenyewe bei rahisi. Akifa siku mbili baadaye, dawa bado imo kwenye ini na figo. Anachunwa ngozi, anaachwa uwanjani, na tumbusi wanashuka kundi zima juu ya mzoga mmoja.

BARAKA: Kwa hiyo mizoga mingi ilikuwa na dawa.

REHEMA: Wala! Wataalamu walipiga hesabu: hata mzoga mmoja wenye dawa katika kila mia haukuhitajika kuwamaliza. Tumbusi hutaga yai moja kwa mwaka. Wakifa wakubwa, hakuna wa kuziba pengo.

BARAKA: Na ile mizoga ikaliwa na nani?

REHEMA: Mbwa wa mitaani. Wakashiba, wakazaana, na kichaa cha mbwa nacho hakikuwa mbali. Mizoga mingine ikaozea kwenye maji. Mwaka 2024 wanauchumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walikadiria kwamba kati ya 2000 na 2005 kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya watu kama 500,000.

BARAKA: Nusu milioni! Ila si walipiga marufuku?

REHEMA: India, Nepal na Pakistan, 2006. Ikakatazwa ya mifugo, ikabaki ya binadamu, na hiyo ya binadamu ikawa inauzwa kwa chupa za mililita 30. Sindano ya mtu mmoja ni mililita 3! Chupa ile ilikuwa ya ng'ombe, imebandikwa lebo ya mtu. Mwaka 2015 India ikaamuru kichupa kisizidi mililita 3. Kwangu mimi amri hiyo ina akili kuliko marufuku yenyewe, maana sasa ukitaka kumdunga ng'ombe uvunje vichupa kimoja kimoja, na mfuko unalia.

BARAKA: Dawa mbadala ipo?

REHEMA: Meloksikamu. Nayo ni ya maumivu, ila haiwaui. Tena ilijaribiwa kwanza Afrika Kusini, kwa tumbusi wa kwetu, wale wale unaowaona Serengeti na Mara. Hao nao diklofenaki inawaua. Kuna dawa nyingine mbili za maumivu. Ketoprofeni ilipojaribiwa, ikaua. Aseklofenaki ndiyo kichekesho: ikiingia kwa ng'ombe inageuka diklofenaki. India ilizikataza zote mbili kwa mifugo 2023.

BARAKA: Huku kwetu lakini tunachosikia ni mzoga kutiwa sumu ili simba afe.

REHEMA: Kweli, huku hiyo ndiyo inayowamaliza zaidi. Tutaifanyia kipindi chake.

BARAKA: Haya, mfugaji yuko Longido, ng'ombe kavimba goti. Afanyeje?

REHEMA: Amuulize bwana mifugo kuhusu meloksikamu. Asome yale maandishi madogo ya kiambato, asiangalie jina kubwa la mbele. Na mnyama aliyedungwa diklofenaki akafa, azikwe.

BARAKA: Kumzika ng'ombe mzima, kiangazi, kwenye ardhi ya Longido?

REHEMA: Ndiyo maana nimeanza na dawa.