Nyumba ya mbao ya tangu karne ya 17: twendeni Dedham

Haya jamani, karibuni tena. Leo najibu swali mnaloniuliza kila nikionyesha mtaa ninaoishi: hawa Wamarekani na pesa zao zote, mbona wanajenga nyumba za mbao? Mjomba wangu kule Muheza wala haulizi, anacheka tu. Kwake nyumba ni tofali na nondo, mengine yote ni banda.

Basi mjomba, kaa kitako. Hii iliyoko nyuma yangu inaitwa Fairbanks House, iko Dedham, kusini-magharibi mwa Boston, hapa Massachusetts. Ndiyo nyumba ya fremu ya mbao (yaani mifupa yake ni nguzo na maboriti ya mti) kongwe kuliko zote zinazojulikana Amerika Kaskazini ambazo bado zimesimama. Ilijengwa kati ya 1637 na 1641. Massachusetts ilikuwa koloni la Waingereza, na kule kwetu Wareno walikuwa wamejichimbia Fort Jesus, Mombasa.

Na hiyo miaka haikutolewa kwenye hadithi za ukoo. Mti kwenye nchi zenye baridi huongeza pete moja kila mwaka: mwaka mzuri pete pana, mwaka mbaya pete nyembamba. Wataalamu walitoboa maboriti, wakatoa kijiti chembamba cha mti, wakalinganisha mpangilio wa pete na ule wa miti mingine ya ukanda huu. Pete ya nje kabisa ikiwepo, inakwambia mti uliangushwa lini. Boriti haina sababu ya kudanganya umri.

Mwenye nyumba alikuwa Jonathan Fairbanks, na mkewe Grace. Walivuka bahari na watoto wao kutoka Yorkshire, Uingereza, na ujenzi huu ni wa Kiingereza mtupu, ila umevalishwa koti la baridi. Kule walikotoka, miti ya fremu mara nyingi iliachwa wazi, unaiona ukutani kwa nje. Huku mvua, theluji na upepo viliwafundisha haraka. Wakafunika kuta kwa mbao nyembamba zinazopandana, ya juu imelalia ya chini, maji yateleze yaende zake.

Kamera nilizima humo ndani ili nimsikilize vizuri mama anayetembeza wageni, kwa hiyo nawasimulia. Ukiingia, unakutana na dohani. Ni mnara wa matofali umekaa katikati ya nyumba, vyumba viwili vya zamani vimeupakata, kimoja kila upande. Kimoja cha kupikia na kushinda, kingine cha heshima, na huko kwenye heshima ndiko kitanda kizuri kiliwekwa. Madirisha madogo, dari chini. Ukiishi huku mwezi wa kwanza mmoja tu, hutauliza kwa nini.

Sasa inua macho. Boriti moja nene ya mwaloni inakatiza dari, na vijiti vya sakafu ya juu vimelalia humo. Ilichongwa kwa shoka na tezo, na kingo zake za chini zimekatwa mshazari kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni nakshi, wala haiongezi nguvu. Mtu anajenga porini, baridi inakuja, lakini fundi kaona boriti ya chumba cha wageni isiondoke hivihivi. Hapo nilimpenda huyo fundi.

Viungo vya fremu havishikwi na misumari. Mti mmoja umechongwa ulimi, mwingine umetobolewa tundu, ulimi unaingia, halafu kigingi cha mti kinapigiliwa kupita kote kuwili. Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, kwa hiyo ulivyokauka ukajikunja na kuuma kigingi kwa nguvu zaidi. Na nyumba ikititia, kiungo kinacheza kidogo, hakipasuki. Sakafu humu imeinama, kuta zimelegea, ukitembea unahisi uko jahazini. Lakini imesimama.

Nije kwenye jambo lililonileta. Ndani ya kuta, katikati ya nguzo, mnajua walijaza nini? Vijiti na udongo. Ndiyo, fito na udongo wa kukandika! Kuna sehemu ya ukuta wa zamani unauona kwa macho yako. Bibi yangu angeingia humo angeanza kukosoa mkandiko.

Kwa hiyo mjomba, tatizo la nyumba ya miti na udongo haliko kwenye miti wala udongo. Liko miguuni na kwenye ngozi. Sisi nguzo tunaichimbia ardhini, inakutana na unyevu na mchwa siku hiyohiyo. Hawa walilaza gogo la mraba juu ya msingi wa mawe, nguzo zikasimama juu ya hilo gogo, mbali na udongo. Kisha ukuta ukavalishwa mbao kwa nje, mvua isiguse mkandiko. Na baridi ya huku, kusema kweli, inawasaidia: mchwa wa Muheza angekuwa na maoni tofauti.

Ukiitazama kwa nje kama ninavyoonyesha hapa, utadhani nyumba tatu zimegongana. Hii ya katikati ndiyo ya Jonathan. Nyuma waliongeza vyumba, wakavuta paa likashuka hadi karibu na ardhi. Mabawa haya mawili ya pembeni, yenye mapaa yaliyovunjika katikati, yalikuja baadaye. Ukoo ulipoongezeka walibandika, hawakubomoa. Vizazi vinane vya jina hilohilo wamelala humu. Kuna kijana wao, Jason, alinyongwa 1801 kwa kumuua Elizabeth Fales, kesi iliyotikisa Massachusetts nzima. Hiyo inataka video yake.

Mkaaji wa mwisho alikuwa Rebecca Fairbanks, aliishi peke yake hapa. Mwaka 1892 radi ilipiga nyumba ikamuulia mbwa wake. Alihama kwa muda, akarudi. Mwaka 1902 ukoo ukaunda chama, na 1904 wakainunua nyumba na kuifanya makumbusho. Mpaka leo ni mali ya chama hicho cha ukoo, si ya serikali. Sisi na vikao vyetu vya mirathi, nyumba ya babu ingekuwa fremu za maduka zamani.

Wanafungua miezi ya joto tu, kwa hiyo mlioko Boston, Lowell au Worcester, angalieni kalenda yao kabla ya kupanda gari. Nanyi wa nyumbani: kama kwenu kuna mzee aliyekuwa fundi wa kukandika, muulizeni alichagua mti gani kwa nguzo, na chini aliuzuiaje usioze. Majibu nitumieni kwa sauti yake mwenyewe.