Bandi ya cherehani: mazungumzo na mafundi wanafunzi, Ujiji

Marahaba wanangu, marahaba. Kaeni.

Nimeombwa niseme juu ya bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza nguo kabla ya mshono wa kudumu, na naona kuna waliokwisha kununa. Mnaona bandi ni kushona nguo mara mbili kwa malipo ya mara moja. Haya, tuanze na kitenge.

Mteja katoka sokoni Mwanga na kitenge cha Kongo, maua makubwa kama sahani. Anataka ua la kushoto likutane na la kulia ubavuni. Wewe unakimbilia kushona. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini, cha juu kinazuiwa na mguu wa cherehani unaokikandamiza, kinabaki nyuma kidogo kidogo. Ukifika kiunoni, maua yamepishana. Sasa shika wembe ufumue mshono wa milimita 2 na nusu, jioni yote, na bado utatoboa kitambaa cha watu.

Bandi inafumuka kwa kuvutwa tu, ila uitege vizuri. Peleka kishikio cha urefu wa mshono mpaka mwisho, milimita 4 au 5. Halafu legeza tensheni ya juu, yaani mkazo wa uzi wa juu. Hapo ndipo penye siri yenyewe: uzi wa juu ukilegea, uzi wa bobini, ule wa kibiringo cha chini, unalala umenyooka chini ya kitambaa, ule wa juu unauzunguka tu. Ukivuta wa bobini, unateleza wote. Kwa hiyo bobini itie uzi wa rangi tofauti, ujue wa kuvuta ni upi. Mwanzo na mwisho usirudishe nyuma. Ukifunga fundo umejifunga mwenyewe. Mshono ukiwa mrefu, ukate kila shibiri ndipo uvute.

Usipite palepale utakapopita mshono wa kudumu. Kaa milimita moja au mbili upande wa ziada, yaani kitambaa kinachobaki ndani ya nguo nje ya mshono, la sivyo nyuzi zitashonana. Na mkimaliza kazi, rudisheni tensheni! Ninyi mnaniachia cherehani imelegea, halafu mnasema mbovu.

Zipu ni hivyohivyo: piga bandi mahali pa zipu pafungike, piga pasi mshono ufunguke, laza zipu nyuma yake, ishone, ndipo ufumue bandi. Itakaa katikati bila ugomvi.

Kuna nguo haitaki. Satini haisahau sindano. Miaka mingi nyuma nilishona gauni la bibi harusi, nikapiga bandi katikati ya kifua nipime mikunjo. Nikavuta uzi, ukatoka vizuri kabisa, matundu yakabaki yamejipanga kama siafu. Nikapiga pasi, nikapapasa kwa kucha, wapi. Bibi harusi hakuyaona. Mama yake aliyaona akiwa bado mlangoni. Nilinunua satini nyingine kwa pesa yangu, na ile ya kwanza ndiyo hii hapa. Ipitisheni, mwanangu wa mbele anza wewe, iinue kwenye mwanga uone.