Nani Kahesabiwa Humu? Gazeti Katika Kipindi cha Hisabati

(Mhadhara kwa walimu wa Hisabati wa shule za sekondari, Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa zangu. Walimu wenzangu, wanachuo mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, na wazazi mlioamua kutuunga mkono Jumamosi hii, habari za asubuhi.

Nianze na reli, kwa sababu wanafunzi wetu wengi ama wameshaipanda ama wanatamani kuipanda. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, habari nyingi zilirudia maneno yaliyokuwa yakiandikwa tangu ujenzi ulipoanza, kwamba kipande hicho kina urefu wa kilomita 300. Sasa, yeyote aliyewahi kupanda basi la Morogoro anajua kwamba kwa barabara safari hiyo inakaribia kilomita 200. Reli haijazunguka Tanga. Hizo kilomita 100 za ziada zimetoka wapi?

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili habari hiyo pamoja na ramani yenye skeli, uzi na rula. Atafuatisha uzi kwenye njia ya reli, ataupima, atazidisha, na atapata kitu kinachokaribia 200. Kitu cha kwanza atakachofanya ni kufuta jibu lake. Ataona gazeti limeandika 300, na yeye ni nani hata apingane na gazeti? Mwalimu, hapo ndipo ukae naye. Usimpe jibu. Muulize: aliyesema 300 alikuwa anahesabu nini?

Jibu lipo, na ni zuri sana. Njia kuu ina kilomita 205. Kilomita 95 zilizobaki ni njia za kupishania treni na zile za kwenye stesheni. Zote ni reli, zimelazwa kweli, zina mataruma na kokoto. Kwa mhandisi anayetaka kujua ni chuma kiasi gani kimelazwa, 300 ni jibu sahihi. Kwa mama anayetaka kujua atafika Morogoro saa ngapi, 300 itampotosha. Kipande cha Morogoro hadi Makutupora kina hadithi hiyohiyo: kilomita 422, ambazo 336 ni njia kuu na 86 ni za kupishania. Mwambie mwanafunzi akokotoe muda wa safari kwa mwendo wa juu wa kilomita 160 kwa saa. Kwa 300 atapata karibu saa moja na dakika 52. Kwa 205 atapata saa moja na dakika 17. Kisha mpe ratiba halisi ya treni aone kama kuna jibu linalolingana nayo. Mjadala wa mwendo wa juu na mwendo wa wastani utaanza wenyewe, na hamtaumaliza kipindi hicho.

Nilichokuja kuwaambia leo ni hiki. Kila namba inayochapishwa gazetini ina mpaka wake. Kuna vilivyohesabiwa ndani na kuna vilivyoachwa nje, na mara nyingi habari haisemi mpaka umepita wapi. Hesabu tunazofundisha, hizi za sehemu, asilimia, uwiano na wastani, zinatosha kabisa kumwezesha kijana autafute mpaka huo mwenyewe. Hahitaji kusubiri chuo kikuu.

Tuje kwenye mji wetu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejua logi atapata ukuaji wa asilimia 2.1 kwa mwaka. Taifa zima, katika miaka hiyohiyo kumi, lilitoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7, yaani asilimia 3.2 kwa mwaka. Na kati ya 2002 na 2012 mkoa huuhuu wa Dar es Salaam ulikuwa ukikua kwa asilimia 5.6. Ukizitazama namba hizi tatu peke yake, utaandika kwamba watu wameacha kuja Dar. Mtu anayegombea nafasi kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi atakushangaa.

Sasa walete Mkoa wa Pwani ubaoni. Mwaka 2012: 1,098,668. Mwaka 2022: 2,024,947. Ukuaji wa asilimia 6.1 kwa mwaka. Jumlisha mikoa yote miwili, utapata 5,463,209 na baadaye 7,408,675, na ukuaji wa pamoja ni asilimia 3 na kidogo, karibu sawa na wa taifa. Mji haujasimama, umevuka mpaka wa mkoa. Mtu anauza Kariakoo, anasali Ilala, anatibiwa Muhimbili, lakini amejenga Vikindu, na sensa ilimhesabu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Vikindu iko Mkuranga, na Mkuranga iko Pwani. Wanafunzi wenu wa Mbagala na Chanika wana wajomba na mashangazi huko. Wanaijua hadithi hii kwa majina ya watu kabla hawajaijua kwa namba, na ndiyo maana wataikokotoa kwa bidii.

Lakini msiwaache waamini haraka. Mkoa wa Pwani una Rufiji na Mafia pia, na hakuna anayelala Mafia akaamkia kazini Posta. Kujumlisha mkoa mzima ni kuchora mpaka mwingine mpana mno. Mwanafunzi makini ataomba takwimu za wilaya mojamoja: Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo. Akifika hapo ameshauliza swali ambalo wataalamu wa mipango miji wanaliuliza kila siku, yaani Dar es Salaam inaishia wapi, na ameona kwamba hesabu peke yake haiwezi kumjibu. Inabidi watu wakubaliane kwanza. Naomba mkitumie kipindi kizima kwa jambo hili. Mimi naliona ni la thamani kuliko maswali ishirini ya kurudia kanuni.

Mfumuko wa bei nao. Ulikuwa wastani wa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023, na 3.1 mwaka 2024. Umepungua, ndivyo habari inavyosema, na ni kweli. Muulize mwanafunzi: kwa hiyo bei zimeshuka? Nusu ya darasa watasema ndiyo. Waambie wachukue bidhaa za shilingi 100,000 na waziongezee asilimia hizo mwaka hadi mwaka. Watapata 104,300, kisha 108,263, kisha karibu 111,620. Kilichopungua ni kasi ya kupanda.

Halafu kuna kapu. Katika kapu la bidhaa na huduma linalotumiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa takriban asilimia 28. Waambie wanafunzi wakaulize nyumbani ni sehemu gani ya matumizi inakwenda kwenye unga, mchele, mafuta na maharage. Nyumba nyingi za uswahilini zitapita nusu. Chukueni mfano wa kubuni: chakula kimepanda kwa asilimia 9, na vingine vyote kwa 2. Kwa uzito wa 28, mfumuko ni karibu asilimia 4. Kwa familia inayotumia asilimia 60 kwa chakula, ni 6.2. Mama aliyesema "maisha yamepanda kuliko wanavyotangaza" hakuwa analalamika ovyo. Yuko sahihi kwa kapu lake, na ofisi iko sahihi kwa kapu la taifa. Kijana akiliona hilo kwa mkono wake, wastani wenye uzito hautamtoka kichwani.

Mfano mwingine unatuhusu sisi wenyewe. Wengi mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Yalipotangazwa mapema 2013, waliofaulu walikuwa kama asilimia 34, na nchi nzima ilishtuka. Mwezi Mei serikali ikaagiza yachakatwe upya kwa utaratibu wa kupanga madaraja uliotumika 2011. Ufaulu ukapanda hadi kama asilimia 43. Hakuna mtahiniwa aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale. Kilichohama ni mstari kati ya kufaulu na kufeli. Nawaletea kwa sababu wanafunzi wetu wanaishi chini ya mstari huo na wanadhani umetoka mbinguni. Wana haki ya kujua kwamba umechorwa na watu, kwa sababu zinazoweza kuelezwa na kujadiliwa.

Na kuna namba zisizosogea. Kuanzia mapema Mei 2020, kwa zaidi ya mwaka mmoja, Tanzania ilibaki kwenye wagonjwa 509 wa korona katika majedwali ya dunia. Chora grafu yake, utapata mstari uliolala. Darasa linatakiwa kutofautisha mstari unaosema "hapakuwa na mgonjwa mpya" na mstari unaosema "hapakutolewa taarifa". Kwenye karatasi ya grafu inafanana.

Najua mnachotaka kuuliza. Darasa lina wanafunzi 80, gazeti ni moja. Hata hilo moja si lazima ulinunue; mmewaona watu wanaosimama asubuhi kwenye meza ya muuza magazeti wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Nakili aya moja ubaoni, ile yenye namba. Dakika kumi za mwanzo wa kipindi, mara moja kwa wiki. Makundi yajibu: nini kimehesabiwa, kimeachwa nini, na hesabu ya mwandishi inatoka tukiirudia? Mvua ikitangazwa kuwa milimita 50, wapime paa la darasa: mita 9 kwa 7, lita 3,150. Wajadiliane kwa Kiswahili, kwa uhuru wao wote, kisha waandike ukokotoaji kwa Kiingereza kama mtihani unavyodai. Nimeona watoto wanaojulikana kama mabubu wa Hisabati wakishika chaki kwa sababu tu habari ilikuwa ya mtaani kwao.

Mwalimu mmoja hapa mbele ameuliza kama hatutaonekana tunapinga takwimu za serikali. Ni swali zito na nalijibu kwa uzito wake. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa kwa namna iliyowatia watu hofu ya kuchapisha kitu kinachotofautiana na takwimu rasmi. Mwaka 2019 ilirekebishwa tena na kifungu hicho kikaondolewa. Lakini hata bila kutaja sheria, angalia tulichofanya asubuhi hii. Namba zote nilizozitumia za watu na bei ni za serikali yenyewe. Tumezichukua kama zilivyo, tumezijumlisha, tumezigawa, tumeuliza zimepimwaje. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huchapisha namna inavyokusanya na kukokotoa, na inachapisha ili isomwe. Mwalimu anayesoma maelezo hayo na wanafunzi wake anaziheshimu takwimu kuliko anayezikariri.

Mwingine ameuliza atatungaje swali la mtihani kutokana na haya. Nimeandika matatu kwenye bango pale ukutani, ya reli, ya Pwani na ya kapu, pamoja na mpangilio wa alama. Yanakilini, myabadilishe, na namba za Vikindu naomba aliyeko Mkuranga atutafutie kabla ya muhula kufunguliwa.