Mtoto Hazaliwi Gredi ya 10: Hesabu ya Nafasi za Shule Malindi

Asalaam aleikum, hamjambo wazee wangu, akina mama, walimu wakuu, na nyinyi wa mipango mliojibanza kule karibu na mlango.

Umuhimu wa elimu nauruka, hakuna aliyekuja hapa kuambiwa hilo. Naanza na swali ambalo Malindi huulizwa hata kabla salamu hazijaisha: "Si vyumba sasa vimebaki? Zamani vidato vilikuwa vinne, sekondari pevu ya mtaala mpya ina gredi tatu, ya 10 hadi ya 12. Robo ya madarasa tumeipata bure."

Haya, tuhesabu pamoja. Shule ya mikondo minne, yaani madarasa manne kwa kila kidato, yenye vidato vinne ina vyumba 16. Tuseme kila chumba kina wanafunzi 60. Naona walimu wakuu wanacheka. Wanajua 60 ni wachache, tangu tulipoambiwa 2018 kwamba kila mtoto lazima avuke kwenda sekondari. 16 mara 60 ni 960. Gawa kwa vidato vinne: shule inapokea watoto 240 kwa mwaka. Sasa gredi ni tatu, na darasa tunalirudisha kwenye 45. 16 mara 45 ni 720. Gawa kwa tatu. Ngapi? Mia mbili na arubaini! Ile robo ya bure imekwisha kwa kuwapunguza watoto wanaobanana kwenye dawati moja. Nafasi mpya hakuna hata moja. Na hapo hujatoa chumba cha maabara, ilhali anayechagua sayansi hawezi kujifunza kemia kwa kutazama ubao.

Atatokea mtu aseme, basi tuwaache 60. Pima chumba. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataja mita 7.5 kwa 6, yaani mita 45 za mraba, na kwa madawati ya watu wawili haupitishi watoto 40. Kwa hivyo hata hao 45 tumeshawabana. Ukiweka 60, njia kati ya madawati inapotea, na mwalimu hafiki nyuma kutazama daftari la mtu.

Idadi yenyewe tunaitoa wapi? Mtoto wa Gredi ya 1 leo, akienda bila kurudia, atakuwa Gredi ya 10 baada ya miaka tisa. Miaka tisa! Waliotangulia katika mtaala huu waliingia Gredi ya 7 Januari 2023. Januari 2026 yao ya kuingia Gredi ya 10 haikuwa siri ya mtu. Halafu Desemba utasikia "wimbi la wanafunzi", kana kwamba wameshuka na mashua usiku.

Ila msichukue tarakimu kwenye mtandao wa wizara mkalala. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alikuwa hasajiliki humo, na hapa Pwani mnajua vyeti vilivyo. Upande wa pili kuna wanafunzi hewa, majina yaliyoongezwa ili pesa za mgao ziongezeke. Daftari linadanganya kwa kupunguza na kwa kuzidisha. Dawa yake ni kuingia darasani asubuhi, kuhesabu vichwa, na kulinganisha na rejesta ya mahudhurio ya muhula mzima.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio unaoniudhi hasa. Mpangaji huona kwamba kati ya watoto 100 wa Gredi ya 1, labda 70 ndio wanaofika mwisho, akapanga nafasi 70. Huulizi hao 30 wameenda wapi? Wengine wameacha kwa sababu shule iko mbali na nauli ya bodaboda haipo kila siku. Ukipanga kwa 70, umeshawafukuza 30 wa mwaka ujao, kisha utarudi na takwimu kuonyesha hesabu yako ilikuwa sahihi.

Ardhi. Mji unasukuma Muyeye, Maweni, unaelekea Ganda. Habari ya hatimiliki na ile sheria ya 1908 ya hati za ardhi Pwani sina haja ya kuwasimulia. Lakini kila siku shamba linakatwa ploti za futi 50 kwa 100, zinauzwa, na haibaki hata ya msikiti, seuze ya shule. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inaipa kaunti nguvu ya kuweka masharti kabla ya kuidhinisha mgawanyo. Mjanja naye hukata shamba vipande vipande, kila kipande kionekane kidogo mno kudaiwa chochote. Mkienda kaunti mtaambiwa sekondari ni ya serikali kuu. Serikali kuu itawauliza: kiwanja kiko wapi? Kadaini kiwanja kwanza, kabla ya mawe ya mipaka kusimikwa.

Naoneshwa saa. Walimu basi, kwa haraka: mikondo minne kwa gredi tatu ni madarasa 12, mara vipindi 40 kwa wiki ni 480, kila mmoja akibeba 25, unahitaji walimu 20, kabla darasa halijagawanywa kwa masomo ya kuchagua. Vyoo: kwa mwongozo uleule wa usalama, madarasa hayo 12 ya watoto 45, yaani wanafunzi 540, yanahitaji matundu 18, na kwenye ramani huchorwa mwisho, pesa zikiwa zimeshaishia kwenye bati. Mabweni nayaacha.

Maswali. Mwenye la Ganda aanze.