Kupiga picha visiki vya Mtera maji yakipungua (angalia tripodi isizame!)

Mambo vipi wadau, leo tuko bwawa la Mtera, pale Iringa inapokutana na Dodoma, na kama mnavyoona huku nyuma yangu maji yamekimbia, ndio Novemba hii, visiki viko nje mpaka mizizi. Chaji betri, futa lenzi, simu au kamera vyote sawa, hayo mnayajua, twende.

Muda. Saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe umeshashuka huku chini. Ukija saa nne umekuja kuota jua tu, maana mwezi huu la mchana linasimama utosini, kisiki hakina kivuli, picha inatoka bapa. Asubuhi jua linapiga ubavuni, kila mpasuko wa mti unaonekana. Mwisho saa mbili na nusu hivi, baada ya hapo mimi nahamia kwa mama wa perege wa kukaanga.

Kabla hujatoa chochote kwenye begi ongea na wavuvi. Shikamoo kwanza, halafu uliza viboko wako wapi leo na mamba kaonekana upande gani, humu wamo wote wawili, na gogo linaloelea usilifuate kwa zumu ya miguu. Kamera usielekeze kwenye ukuta wa bwawa wala mitambo ya umeme, utajieleza mpaka jua lizame.

Sasa tripodi. Hapa nisikilizeni vizuri. Hili tope limepasuka juu vigae vigae, unaona kavu kabisa, chini yake ni uji. Piga fimbo kwanza. Sio mguu, fimbo. Ikizama kupita kiganja, rudi ulikotoka. Halafu miguu ya tripodi ivishe visahani, mimi nakata kandambili kuukuu mviringo natoboa katikati, ninauza seti ya vitatu, ila kama una kandambili zako na kisu kata mwenyewe sitanuna.

Shusha kamera usawa wa goti. Ukipiga umesimama kisiki kinapotelea kwenye rangi ya tope, ukichuchumaa kichwa chake kinatokeza juu ya mstari wa maji na hapo ndio kinakuwa na... ngoja. Ngoja ngoja. Mnaona mstari wa maji? Umelalia kushoto! Huu mguu kisahani kimechomoka, unashuka wenyewe taratibu. Ndio maana napiga kelele, tripodi haizami kwa kishindo, inazama wewe ukiwa unapanga fremu, unakuja kugundua uko nyumbani. Kila picha mbili tatu angalia mstari wa maji. Angalia tena. Haya, nimerudisha.

Mwanga. Maji yanang'aa, kisiki cha kijivu, simu inachanganyikiwa inakupa kisiki cheusi tii. Gusa kisiki kwenye skrini, shikilia mpaka fokasi ijifunge, halafu kale ka alama ka jua kanakotokea pembeni vuta chini kidogo, maji yasiwe meupe pee. Kidogo!

Kipi cha kupiga? Watu wanakimbilia ile miti mirefu iliyosimama, nzuri sawa, kila anayepita na basi anayo. Mimi nawapenda hawa wafupi. Miti hii ilifunikwa na maji tangu bwawa lijengwe, ni zaidi ya miaka 40, na mti uliozama muda wote hauozi upesi kwa sababu kuvu wanaoula wanataka hewa, unaoza pale maji yanapopanda masika na kushuka kiangazi, maji yenyewe yanashushwa kuzungusha mitambo ya umeme. Kwa hiyo mingine imekatikia pale pale kiunoni. Sogea hapa muone. Huyu ana mistari ya maji, mweupe, kahawia, mweupe tena, na kwenye mizizi kuna kipande cha wavu wa bluu kimeganda na tope, na maganda mawili matupu ya konokono. Wavu usiutoe jamani, huo ndio rangi pekee kwenye picha nzima. Lenzi iwe karibu kabisa na mzizi, maji yabaki kamstari kembamba juu, mimi vipande vya mawingu sivitaki, nakata.

Ooh kuna ndege, mnandi, katua kisiki cha pili, usimsogelee, subiri atanue mabawa kujikausha, sasa, piga, piga tena... kaharisha kisiki chote, sawa, ndio rangi nyeupe hiyo. Wanaotaka visahani bei nimeandika chini ya video, na semeni tripodi yenu ina miguu minene au myembamba kabla sijakata.