"Habari Yako?" Ni Swali Gumu

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii, Kisumu

Hamjambo?

(Ukumbi: Hatujambo!)

Mmejibu haraka mno. Kuna mama hapa mstari wa mbele, tulisalimiana mlangoni akaniambia huu ni usiku wa tatu hajalala kwa ajili ya mwanawe. Nimemsikia naye akiitikia "hatujambo" kushinda wote. Simlaumu. Ndivyo tulivyolelewa: hata mwenye msiba huanza na "nzuri", kisha ndipo alete "ila". Mjaluo naye muulize "Idhi nade?" atakujibu "Adhi maber" na nyumba yake imeezuliwa na upepo.

Utafiti wangu umekaa kwenye hiyo "ila". Nashughulika na afya ya akili ya vijana na watu wazima wenye usonji (autism), na wengi wao hawakuzaliwa na tabia ya kuificha. Sisi ndio tuliowafundisha. Mgeni anamuuliza mtoto habari, mtoto anasema, "Mbaya, soksi zinaniwasha." Tunamfinya. Akifinywa vya kutosha anashika somo. Akifika miaka ishirini anajibu "poa" kama kasuku, anakutazama machoni huku akihesabu moja mpaka tatu, anacheka wenzake wakicheka. Tunashukuru Mungu kwamba amepona. Jioni anajifungia chumbani, hali, hasemi, hadi kesho yake.

Huko Uingereza, Sarah Cassidy na wenzake walichapisha mwaka 2014 majibu ya watu wazima 374 waliobainika kuwa na aina ya usonji iliyokuwa ikiitwa Asperger, katika kliniki moja ya Cambridge. Asilimia 66 walisema wamewahi kuwa na mawazo ya kujitoa uhai. Mwaka 2018 wakaonyesha kwamba kule kuigiza ili uonekane kama wengine kunaandamana na mawazo hayo. Hizo ni takwimu za watu waliofika kliniki ya kwao, msizifanye kuwa za Kisumu. Ila kuigiza kwenyewe nimekuona hapa hapa, Kondele.

Nilikwenda kwa fundi simu mmoja, kijana wa miaka 23, na fomu ya PHQ-9, ile ya maswali tisa ambayo kliniki nyingi hupimia mfadhaiko. Nikamsomea: katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na kukosa hamu ya kula, au kula kupita kiasi?

"Ni lipi kati ya hayo mawili?"

"Lolote."

"Sasa utajuaje ni lipi?"

Majibu ya kuchagua ni manne: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Akasema wiki mbili ni siku 14, zaidi ya nusu inaanzia nane, je, saba kamili aiweke wapi? Nilicheka. Yeye hakucheka. Tukafika swali la kama umekuwa ukitembea au kuongea polepole kiasi cha watu wengine kutambua. "Waulize hao watu." Karibu mengine yote aliyajibu "hata kidogo". Nikajumlisha, nikapata 3. Kwa fomu ile, huyo ni mzima.

Mama yake alipokuwa akinisindikiza ndipo akaniambia kwamba kijana anaishi kwa chai. Nikageuka.

"Jana ulikula nini?"

"Chai."

"Na juzi?"

"Chai. Kutafuna kunachosha."

Wiki hiyo hiyo alionana na daktari. Siku nyingine nilimuuliza kwa nini alinipa zile "hata kidogo". Akasema, "Niliona unataka tumalize."

Kweli, nilitaka tumalize. Nilikuwa nawahi matatu.

Sasa tunauliza jambo moja kwa swali moja. Badala ya "siku kadhaa" tunampa mtu kalenda aweke alama, na asiyependa kuongea anatuandikia kwenye simu. Maswali ya hisia tumeyapunguza, kwa kuwa tafiti zinakadiria kwamba karibu nusu ya watu wenye usonji hupata taabu kuitambua hisia na kuitaja jina. Nilimuuliza binti mmoja kama moyo wake ni mzito, akasema hajawahi kuupima. Afadhali uulize usingizi, tumbo, na kile anachokipenda: bado unaandika namba za matatu pale steji? Aliyeziandika miaka sita akiacha ghafla, msingoje akuambie ana huzuni.

Kuna jingine. Hadi Januari 2025, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mkosaji, na angeweza kufungwa miaka miwili. Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ndiye aliyetangaza kwamba kinakiuka Katiba. Mtu anayeshika sheria neno kwa neno, ungemuuliza enzi hizo kama amewahi kuwaza kujitoa uhai, akujibu nini? Wengi bado hawajui kwamba mambo yamebadilika. Wahudumu, mkienda nyumbani kwao anzeni kwa kuwaambia.

Fundi wangu wa Kondele sasa ndiye anayehakiki maswali yetu. Juzi amekataa manne niliyoyaona mazuri sana, na moja wapo lilikuwa "Habari yako?" Amesema hilo halina jibu, lina kiitikio.

Haya, kipaza sauti kiende kwa mama wa mstari wa mbele. Mama, hatuna haraka. Jana usiku mwanao alilala saa ngapi?